Jinsi ya kusoma ripoti mpya ya uthamini wa nyumba Marekani: mwongozo kwa mkopaji

Anayenunua nyumba Marekani kwa mkopo hulipia uthamini, kwa kawaida mamia kadhaa ya dola, kisha hutumiwa faili la PDF lenye kurasa nyingi. Wengi hutafuta namba moja tu, huilinganisha na bei ya mkataba, hushusha pumzi au hukasirika, na faili halifunguliwi tena. Kwa fomu za zamani tabia hiyo ilieleweka, maana zilijaa vifupisho ambavyo hata baadhi ya madalali hawakuvielewa. Kwa ripoti mpya tabia hiyohiyo ni hasara ya wazi, kwa sababu karibu kila jambo lililozaa thamani sasa limewekwa mahali pake kwa maneno kamili, na linaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayeijua nyumba yake.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma ripoti hiyo hatua kwa hatua, na cha kufanya ukigundua kosa. Unamhusu anayenunua na anayebadilisha mkopo alio nao. Unamhusu pia anayenunua kwa mkataba usio na riba kupitia taasisi ambayo mikataba yake hununuliwa na Freddie Mac au Fannie Mae, kwa kuwa ripoti inayotakiwa ni ileile.

Kilichobadilika

Fannie Mae na Freddie Mac hazimkopeshi mnunuzi moja kwa moja. Hununua mikopo kutoka kwa benki na wakopeshaji wengine, na kwa sababu hiyo masharti yao ndiyo yanayoamua ripoti ya uthamini iweje, hata kama mkopaji hajawahi kuyasikia majina hayo. Fomu walizotumia kwa miaka mingi zilikuwa za Machi 2005, na kila aina ya nyumba ilikuwa na yake: 1004 kwa nyumba ya familia moja, 1073 kwa kondo (makazi yanayomilikiwa moja moja ndani ya jengo au mradi wa pamoja), 1025 kwa jengo lenye makazi mawili hadi manne, 2055 kwa nyumba iliyotazamwa kwa nje tu, na 1004C kwa nyumba iliyoundwa kiwandani.

Mwaka 2011 ukaanza utaratibu uitwao UAD, uliowalazimu wathamini kujaza baadhi ya visanduku kwa maneno na alama za aina moja, ili kompyuta iweze kuzisoma. Hapo ndipo zilipotokea alama kama N;Res; na A;BsyRd; ambazo ziliwashangaza wakopaji wengi. Ya kwanza ilimaanisha kwamba nyumba iko mahali pa makazi pasipo na athari nzuri wala mbaya, na ya pili kwamba barabara yenye magari mengi inaipunguzia mvuto. Data zilichomolewa kutoka kwenye fomu, lakini fomu ilibaki kuwa karatasi: nafasi ilipokwisha, maelezo yalisukumwa kwenye viambatisho vya mwisho, na huko ndiko mambo mazito yalikojificha.

Mwaka 2018 kampuni hizo mbili, kwa maelekezo ya FHFA, ambayo ni mamlaka ya serikali kuu inayozisimamia tangu 2008, zilianza kuusuka mfumo upya. Matokeo yake ni UAD 3.6. Mpangilio umegeuzwa: mthamini hajazi tena fomu ambayo baadaye huchomolewa data, bali huingiza data kwanza, na ripoti hujipanga yenyewe kutokana nazo. Fomu zote nilizozitaja zimeunganishwa kuwa ripoti moja inayobadilika kulingana na nyumba. Kondo ikithaminiwa, sehemu inayohusu jengo zima na uendeshaji wake hujitokeza. Nyumba ikiwa si kondo, sehemu hiyo haionekani. Kwa hiyo ripoti mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana kwa kurasa, na wingi wa kurasa si dalili ya jambo lolote.

Kipindi cha majaribio kwa wakopeshaji wachache kilianza tarehe 8 Septemba 2025, wakopeshaji wote wakafunguliwa mlango tarehe 26 Januari 2026, na tarehe iliyowekwa ya kuwa lazima kwa kila ripoti mpya ni 2 Novemba 2026. Mikopo ya FHA (yenye bima ya serikali kuu) na ya VA (ya askari na maveterani) ina masharti yake ya ziada kuhusu hali ya nyumba, na benki inayobaki na mkopo mikononi mwake bila kuuuza inaweza kuwa na utaratibu wake, hivyo muulize afisa wako wa mikopo.

Hatua ya 1: Jiandae kabla mthamini hajafika

Hatua hii ni ya mwenye nyumba anayebadilisha mkopo, ingawa mnunuzi naye anaweza kumwomba dalali wake ampelekee ujumbe muuzaji. Andika ukurasa mmoja unaoorodhesha kila kilichobadilishwa au kutengenezwa, mwaka wake, na kama kulikuwa na kibali cha ujenzi: paa, mfumo wa kupasha joto, kiyoyozi, madirisha, jiko, bafu, nyaya za umeme. Ripoti mpya inamtaka mthamini aeleze hali ya maboresho ya jiko na ya kila bafu pamoja na muda uliopita tangu yafanyike, na asiyepewa tarehe hulazimika kukisia kwa macho. Ukurasa huo mpe mkononi au uache mezani.

Kama una paneli za sola, weka tayari karatasi za umiliki. Paneli ulizonunua zinaweza kuhesabiwa katika thamani. Ulizokodi, au zile ambazo kampuni inakuuzia umeme wake, hazihesabiwi.

Usafi unapendeza, na kufukiza udi si vibaya, lakini ripoti haina kisanduku cha udi.

Hatua ya 2: Hakikisha umepata nakala kamili na ujue nani aliingia ndani

Sheria ya Marekani inamtaka mkopeshaji akupe nakala ya kila uthamini wa nyumba inayowekwa rehani kwa mkopo wa kwanza, mara tu unapokamilika au siku tatu za kazi kabla ya kusaini, kutegemea lipi linatangulia. Mara nyingi utaulizwa kama uko tayari kuiachilia haki hiyo ya siku tatu. Usikubali bila sababu ya maana, kwa sababu siku hizo ndizo utakazohitaji kwa hatua zilizo hapa chini.

Ukiifungua, utaona kwanza muhtasari wenye anwani, thamani, tarehe ya thamani na hali ya jumla. Usiishie hapo. Nenda kwenye sehemu ya maelezo ya kazi, ambako imeandikwa nyumba ilitazamwaje na nani. Si kila uthamini wa siku hizi mthamini hufika mwenyewe. Mara nyingine mtu mwingine aliyefunzwa hukusanya vipimo na picha, na mthamini huandika ripoti akiwa ofisini. Utaratibu huo unaruhusiwa na hauna kasoro kwa asili yake, ila unakuonyesha mahali pa kutilia mkazo, kwani kosa la aliyeingia ndani litakuwa limepita bila mthamini kuliona kwa macho.

Hatua ya 3: Kagua vipimo

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, na sehemu kubwa ya ugomvi huo hutokana na mkopaji kutojua kanuni za upimaji. Tangu tarehe 1 Aprili 2022 Fannie Mae imetaka nyumba za familia moja zipimwe kwa kiwango kiitwacho ANSI Z765, na ripoti mpya imejengwa juu ya kanuni hizohizo. Zilizo muhimu kwako ni hizi.

Nyumba inayojitegemea hupimwa kwa nje ya kuta zake. Makazi yaliyo ndani ya jengo la kondo la ghorofa hupimwa kwa ndani. Ghorofa ambayo sehemu yake yoyote iko chini ya usawa wa udongo huhesabiwa yote kuwa ya chini ya ardhi, hata kama upande mmoja ina madirisha makubwa na mlango wa kutokea uani. Dari inatakiwa iwe na kimo cha angalau futi 7, yaani takriban mita 2.13. Katika chumba chenye dari la mteremko, kama vile vya darini, angalau nusu ya eneo linalohesabiwa iwe na kimo hicho, na palipo chini ya futi 5 pasihesabiwe kabisa. Na chumba kilichomaliziwa vizuri ambacho hukifikii ila kwa kutoka nje, mathalani kilicho juu ya banda la gari lililojitenga, hakiingii katika hesabu ya nyumba kuu. Kinaandikwa peke yake.

Matokeo yake ni kwamba nyumba iliyotangazwa kuwa na futi za mraba 2,000 inaweza kuandikwa katika ripoti kuwa na 1,250 juu ya ardhi na 750 chini ya ardhi, na mthamini akawa hajakosea hata kidogo. Matangazo ya mauzo na kumbukumbu za kodi za kaunti mara nyingi huchanganya vyote pamoja. Kwa hiyo kabla hujalalamika kwamba umepunjwa, jumlisha maeneo yote yaliyotajwa, ya juu na ya chini, yaliyomaliziwa na yasiyomaliziwa, uone kama yanafikia namba unayoijua. Si haki kumwambia mthamini ahesabu ghorofa ya chini kama sebule ya juu kwa sababu tangazo lilifanya hivyo.

Kosa la kweli lina sura nyingine. Tazama mchoro wa nyumba uliomo ndani ya ripoti. Chukua futi kamba, pima urefu na upana wa nyumba kwa nje, zidisha, na kama ghorofa mbili zinalingana zidisha kwa mbili. Aliyezoea mita akumbuke kuwa mita moja ya mraba ni sawa na futi za mraba 10.76. Ukipata tofauti ya futi chache, iache; kuta hazinyooki na kamba hulegea. Ukipata tofauti ya futi mia na zaidi, au ukiona chumba ambacho hakimo kwenye mchoro, au bafu tatu zimeandikwa mbili, hapo una jambo la kuandika. Idadi ya vyumba vya kulala na bafu ihesabiwe upya katika kila sehemu inapotajwa, kwani zamani ilikuwa rahisi ukurasa mmoja useme hivi na mwingine vile. Katika mfumo mpya data huingizwa mara moja na kurudiwa zinapohitajika, kwa hiyo kosa likiingia mara moja litakuwa thabiti ripoti nzima na halitajisaliti lenyewe.

Hatua ya 4: Soma daraja za hali na ubora

Hali ya nyumba hupewa daraja kuanzia C1 hadi C6, na ubora wa ujenzi kuanzia Q1 hadi Q6. C1 ni nyumba mpya ambayo haijawahi kukaliwa. C2 haihitaji ukarabati wowote na karibu kila kitu ndani yake ni kipya au kimefanywa upya. C3 imetunzwa vizuri na imechakaa kidogo kwa matumizi ya kawaida. C4 ina mambo madogo ya matengenezo yaliyoahirishwa. C5 inahitaji matengenezo makubwa yanayoonekana wazi. C6 ina uharibifu unaogusa usalama au uimara wa jengo, na mkopo wa nyumba ya C6 hauuziki kwa Fannie Mae mpaka itengenezwe.

Fomu za zamani zilikuwa na daraja moja la hali na moja la ubora kwa nyumba nzima. Ripoti mpya inatoa daraja la nje, daraja la ndani, kisha la jumla, na hii kwangu ndiyo faida kubwa kuliko zote kwa mkopaji. Nyumba yenye paa na kuta zilizochoka lakini jiko na bafu mpya ilikuwa ikipewa C4 bila ufafanuzi, na mwenye nyumba aliyetumia maelfu ya dola ndani asijue kazi yake imezingatiwa au imepuuzwa. Sasa utaona nje kumepewa C4 na ndani C3, na utajua hoja iko wapi. Kila kipengele kina maelezo yake, na picha ziko kando ya jambo zinalolihusu badala ya kurundikwa mwishoni.

Fahamu kuwa daraja hizi hazitolewi kwa kulinganisha na majirani. Nyumba ya C4 ni C4 hata kama ndiyo nzuri kuliko zote mtaani. Na daraja moja huchukua aina nyingi za nyumba, kwa hiyo usipoteze nguvu kudai C2 kwa sababu umepaka rangi.

Hatua ya 5: Orodha ya kasoro

Kasoro zilizoonekana zimewekwa pamoja katika jedwali: ni kitu gani, kiko wapi, tatizo ni nini, kama linagusa uimara wa jengo, na kinachopendekezwa, ambacho kinaweza kuwa kutofanya lolote, kutengeneza, au kumwita fundi akague. Baadhi huambatana na makadirio ya gharama. Kisha ripoti hueleza kama thamani imetolewa kwa nyumba kama ilivyo, As Is, au kwa sharti la jambo fulani kutimizwa kwanza, Subject To. Ukikuta la pili, thamani unayoisoma ni ya nyumba ambayo bado haipo: ni ya nyumba baada ya ngazi kuwekewa kishikio au paa kuzibwa, na mkopo hautatoka mpaka uthibitisho wa kazi hiyo uletwe.

Uthamini si ukaguzi wa jengo. Mthamini huandika kinachoonekana. Hapandi juu ya paa wala hafungui kuta. Jedwali tupu halimaanishi nyumba haina matatizo, na aliyeacha kumlipa mkaguzi wa majengo kwa kuwa ripoti ya uthamini ni safi amejinyima kinga.

Hatua ya 6: Kiwanja na soko

Pitia haraka ukubwa wa kiwanja, njia ya kufikia nyumba, huduma za maji na maji taka, mandhari, na vitu vya jirani vilivyotajwa kuwa na athari. Kila athari imewekewa alama ya kuwa nzuri, ya kawaida au mbaya, sasa kwa maneno kamili. Kama kuna makazi madogo ya pili uani au katika ghorofa ya chini, yenye jiko, bafu na mlango wake, hakikisha yametambuliwa hivyo na hayakuitwa stoo.

Katika sehemu ya soko mthamini anaeleza mipaka ya eneo alilolichunguza na vigezo alivyotumia kutafuta nyumba zinazoshindana na yako, pamoja na idadi ya zilizouzwa katika miezi 12, zilizoko sokoni, bei ya kati, na mwelekeo wa bei. Soma vigezo hivyo kwa makini. Akitafuta nyumba za vyumba vitatu zilizojengwa kabla ya 1970 ilhali yako ni ya 1998, kila kinachofuata kinaegemea mguu mbovu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo msomaji kutoka jamii zetu asilipite. Mwezi wa Desemba 2021 FHFA ilichapisha mifano ya maelezo ya wathamini yaliyotaja rangi, dini au asili ya wakazi wa mtaa, mambo ambayo sheria ya makazi ya 1968 inayakataza kuwa kigezo. Maelezo hayo yalipatikana hasa katika nafasi za kuandika kwa uhuru, na kupunguza nafasi hizo ni sehemu ya kinachofanya mfumo mpya uwe na manufaa. Hata hivyo nafasi za maelezo bado zipo. Ukikuta mtaa umeelezwa kwa wahamiaji wake, kwa misikiti yake au kwa lugha zinazozungumzwa badala ya nyumba, bei na huduma zake, hifadhi ukurasa huo, mwarifu mkopeshaji kwa maandishi, na ujue kuwa malalamiko yanaweza kupelekwa HUD, wizara ya makazi ya serikali kuu.

Hatua ya 7: Fuata hesabu ya nyumba za kulinganishia

Thamani ya nyumba nyingi za makazi hutokana na jedwali hili. Mthamini huchukua nyumba zilizouzwa karibuni zinazofanana na yako, angalau tatu, kisha hurekebisha bei ya kila moja ili ionekane kama ingekuwa nyumba yako. Kanuni ni moja, na mara nyingi husomwa kinyume: nyumba ile ikiwa bora kuliko yako, bei yake hupunguzwa, ikiwa duni, huongezwa. Nyumba yako yenyewe haiguswi.

Tuseme yako ina futi za mraba 1,420 juu ya ardhi, bafu mbili, na daraja la C3. Ya kulinganishia iliuzwa kwa dola 352,000 miezi sita iliyopita, ina futi 1,560, ina choo cha ziada, na ni C4. Mthamini ameona kwamba bei za eneo zimepanda asilimia 3 katika miezi hiyo, hivyo anaongeza dola 10,560. Futi 140 zilizozidi, kwa dola 60 kila moja, zinamfanya apunguze 8,400. Choo cha ziada anapunguza 4,000. Kwa kuwa hali yake ni duni kuliko ya nyumba yako, anaongeza 12,000. Bei iliyorekebishwa inakuwa dola 362,160.

Sasa tuseme aliyeandika vipimo alibadilisha nafasi ya tarakimu mbili, 1,420 ikawa 1,240. Tofauti ya ukubwa inakuwa futi 320, makato yanakuwa 19,200 badala ya 8,400, na bei iliyorekebishwa inashuka hadi dola 351,360. Kosa hilohilo litazishusha nyumba zote za kulinganishia kwa dola 10,800 kila moja, na kwa kuwa zote zimeshuka kwa pamoja, matokeo yataonekana yanakubaliana na yanaaminika. Mkopeshaji hutumia bei ya mkataba au thamani, ile iliyo ndogo. Kwa mkataba wa dola 362,000 na mkopo wa asilimia 95, mnunuzi aliyetarajia kutoa 18,100 atatakiwa atoe 28,550 endapo thamani itaandikwa 351,000.

Kwa sababu hiyo, unapopitia jedwali usianze na namba za marekebisho. Anza na safu ya nyumba yako uhakikishe kila kitu ni kweli. Kisha tazama kila nyumba ya kulinganishia: umbali wake, tarehe iliyouzwa, ukubwa, hali. Je, ameeleza kiwango cha marekebisho ya muda alikitoa wapi? Marekebisho ya muda yakiwa sifuri kwa nyumba iliyouzwa miezi kumi iliyopita, ilhali sehemu ya soko inasema bei zinapanda, ripoti inajipinga yenyewe na hilo ni swali halali. Ubishi kuhusu kama futi moja ni ya dola 60 au 65 una tija ndogo. Hilo ni eneo la utaalamu, na wathamini wawili waaminifu wanaweza kutofautiana.

Usifikiri pia kwamba wewe ndiwe pekee unayekagua. Ripoti hupelekwa kwenye mfumo wa pamoja wa Fannie Mae na Freddie Mac kabla ya mkopo kuuzwa, na programu huipima. Ya Fannie Mae, inayotumika tangu 2015, hutoa alama ya hatari kuanzia 1 hadi 5 na hulinganisha alichoandika mthamini huyu na walichoandika wenzake kuhusu nyumba zilezile. Programu hiyo inaweza kugundua kwamba nyumba ya jirani iliitwa C3 mwezi jana na leo imeitwa C4. Haiwezi kugundua kwamba una bafu tatu ikiwa hakuna aliyewahi kuziandika. Hilo ni lako.

Hatua ya 8: Omba uthamini uangaliwe upya

Usimpigie simu mthamini. Mteja wake ni mkopeshaji, hata kama wewe ndiye uliyelipa, na kanuni za uhuru wa wathamini zinakataza kumshinikiza kuhusu thamani. Mwandikie mkopeshaji ukiomba utaratibu wake wa kuangalia upya thamani. Wakopeshaji wanaouza mikopo kwa Fannie Mae na Freddie Mac wanatakiwa kuwa nao na kuueleza kwa mkopaji. Ombi la mkopaji ni moja kwa ripoti, na lazima lije kabla ya kusaini, kwa hiyo kusanya yote kwanza ndipo uandike.

Barua nzuri ni fupi. Taja sehemu ya ripoti, andika kilichoandikwa, andika kilicho kweli, na ambatisha uthibitisho: picha, risiti, kibali cha ujenzi, mchoro wenye vipimo. Ukiwa na nyumba nyingine za kulinganishia, zisizidi tano, ziwe zimeshauzwa kabla ya tarehe ya thamani, ziwe karibu zaidi au zinafanana zaidi kuliko zilizotumika, na eleza kwa sentensi moja kwa kila nyumba ni kwa nini. Mwombe dalali azitoe kwenye MLS, yaani orodha ya pamoja ya mauzo ya madalali, kwani bei unayoombwa na muuzaji wa nyumba ambayo bado iko sokoni haina uzito wa mauzo yaliyokamilika, na makadirio ya tovuti za nyumba hayana uzito wowote. Usiandike kwamba unahitaji thamani fulani ili mkopo upite. Sentensi hiyo huidhoofisha barua nzima.

Jibu likija na ripoti iliyosahihishwa, usiridhike na kusoma thamani mpya peke yake. Tarehe ya thamani kwa kawaida hubaki ileile na tarehe ya saini hubadilika. Hakikisha hivyo ndivyo ilivyo. Fungua mchoro, jedwali la vipimo na safu ya nyumba yako katika ulinganisho, uone kama sahihisho limefika kote. Katika mfano wetu, futi 1,420 zikirudi kwenye mchoro, makato ya kila nyumba ya kulinganishia nayo yanapaswa kuwa yamebadilika. Yakibaki kama yalivyokuwa, mwandikie mkopeshaji siku hiyohiyo kwamba sahihisho halijakamilika.